LORI LILILOINULIWA LIKIVUTA UPANDE, TUPIME KABLA YA KUMLAUMU DEREVA



Dereva mmoja wa lori la miwa alifika ofisini kwetu Kampala akiwa na barua ya onyo mkononi. Lori lake lilikuwa limetumbukia mtaroni, upande wa kushoto, likiwa na wakata miwa nyuma. Mmoja alivunjika mkono. Barua ilisema dereva ni mzembe na atakatwa mshahara kulipia gari. Yeye alijibu neno moja tu: "Tangu walipoliinua, linanivuta kushoto."

Tulikwenda tukalipima kwa kamba na futi. Kutoka ekseli ya mbele hadi ekseli ya nyuma, upande wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa sentimita mbili. Senta bolti ya springi ya kushoto ilikuwa imekatika, na ekseli imerudi nyuma. Barua ilifutwa. Kila dereva, taniboi na fundi anapaswa kujua namna tulivyolitafuta kosa lile.

Malori ya mashambani huinuliwa ili yapite kwenye matope na kubeba mzigo mkubwa. Fundi huongeza majani ya springi, au huweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli. Kazi hiyo si mbaya ikifanywa vizuri. Lakini ukiinua gari umebadili mahali pa ekseli na mlalo wa vyuma vya usukani. Ukifunga na kuondoka bila kupima, umeacha hatari.

Basi gari likivuta, tufuate utaratibu huu, tukianza na kisichogharimu pesa.

Kwanza, barabara. Barabara nyingi zina mgongo katikati ili maji yateremke. Sisi Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari zima kabisa huweza kuteremkia kushoto kidogo. Lijaribu mahali tambarare, kwa mwendo mdogo, kwenda na kurudi. Likivuta upande ule ule mara zote mbili, kosa ni la gari.

Pili, tairi. Pima upepo zikiwa baridi. Tairi yenye upepo mdogo huvuta upande wake. Kisha badilisha tairi za mbele, ya kushoto iende kulia na ya kulia ije kushoto. Mvuto ukihama, ugonjwa ni tairi. Usipohama, endelea.

Tatu, breki. Gari likivuta wakati wa kukanyaga breki tu, upande mmoja unashika kuliko mwingine. Likivuta wakati wote, endesha kidogo kisha sogeza kiganja karibu na habu bila kuigusa. Iliyo moto kuliko mwenzake ina breki inayobana au beringi mbovu.

Nne, ekseli. Nyoosha magurudumu, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, pande zote mbili. Vipimo viwe sawa. Gari huvuta kuelekea upande ulio mfupi. Ili kujua ni ekseli gani iliyohama, pima kila ekseli kutoka tundu moja la chesisi lililo sawa kushoto na kulia. Senta bolti hukatika mara nyingi kwa sababu bolti za U zinazofunga springi zimelegea. Majani mapya hujipanga baada ya safari chache na bolti hulegea. Lazima zikazwe tena. Katika lori lile hakuna aliyezikaza.

Tano, vyuma vya usukani. Inua mbele kwa jeki, weka stendi imara na kabari kwenye magurudumu ya nyuma. Asiingie mtu chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini ulitikise: likicheza, tazama kingipini na beringi. Shika kushoto na kulia: likicheza, tazama pia tairodi. Angalia na fimbo itokayo kwenye boksi la usukani. Gari likiinuliwa, fimbo hiyo hulala mteremko mkali zaidi, na kila shimo huzungusha usukani wenyewe. Ikiwa gari linakwenda sawa lakini usukani umekaa upande, hapo ni kurekebisha urefu wa fimbo, wala si mvuto.

Sita, mlalo wa ekseli. Tazama baiskeli: uma wa mbele umelala nyuma kidogo, ndiyo maana gurudumu hujinyoosha lenyewe. Gari nalo ni hivyo. Kuinua kukipunguza mlalo huo, usukani haurudi katikati na gari hutangatanga. Mlalo ukitofautiana pande mbili, gari huvuta upande wenye mlalo mdogo. Fundi hurekebisha kwa kabari za chuma zilizo sawa kushoto na kulia.

Mwisho kabisa ni alaimenti. Wengi huanza nayo, wanalipa, na gari linaendelea kuvuta. Magurudumu yakitazamana ndani au nje kupita kiasi, kwa kawaida gari halivuti bali hula tairi. Tairi zote mbili zikilika ukingo wa nje, zimetazama ndani mno. Zikilika ukingo wa ndani, zimetazama nje. Kipimo sahihi kimo katika kitabu cha gari.

Ndugu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake. Na Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki, asiadhibiwe.

Lakini haki hutaka ushahidi. Dereva ukiona gari linavuta, andika siku hiyo hiyo kwenye daftari la gari: tarehe, upande, wakati wa breki au wakati wote, na lini liliinuliwa. Mpe mkuu wa gereji, na nakala mpe katibu wa tawi. Dereva yule alikuwa ameripoti kwa mdomo mara mbili, na siku ya ajali hakuna aliyekumbuka. Futi ndiyo iliyomwokoa. Mkono wa mwenzetu wa nyuma haukuokolewa.