Unanunua amplifaya ya mziki wa harusi? Angalia haya kabla haijapanda boti

Kibiti. Miezi ya kuelekea Ramadhani harusi hufuatana Pwani. Anayekodisha mziki Kibiti anaweza kupiga leo mjini kwenye umeme wa Tanesco, kesho akavuka kutoka Nyamisati kwenda kijiji cha delta ya Rufiji na jenereta lake. Amplifaya ikizima huko saa tano usiku, hakuna duka la kukimbilia. Hela ya kazi imekwenda, na jina nalo limeharibika.

Kinachookoa ni kuchagua vizuri dukani. Haya ndiyo ya kuangalia.

1. Wati za kweli ni RMS

Boksi likiandikwa "5,000W PMPO", namba hiyo ni ya mbwembwe. Ni mlipuko wa kitambo kidogo sana, na kila kiwanda kinaupima kinavyotaka. Kipimo cha kuaminika ni RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaitoa mfululizo. Isomwe pamoja na omu, kwa mfano wati 500 kila upande kwa omu 8. Namba ya wati isiyotaja omu haijakamilika.

2. Hesabu ya omu

Spika nyingi za mziki ni omu 8. Ukiunga mbili sambamba kwenye upande mmja wa amplifaya, zinakuwa omu 4. Ukiongeza ya tatu, zinashuka hadi kama 2.7. Amplifaya iliyotengenezwa mwisho omu 4 hapo itachemka, itajizima au itaungua. Wengi wanaunguza hapa, pale mwenye sherehe anaposema "ongeza spika".

Kuunganisha pande mbili kuwa moja, yaani "briji", kuna mtego huohuo. Spika ya omu 8 kwenye briji, kila upande unaiona kama omu 4.

3. Ndogo nayo inaunguza

Wengi wanadhani spika inaunguzwa na amplifaya kubwa tu. Amplifaya ndogo ikilazimishwa, taa nyekundu ya "clip" inawaka, sauti inakwaruza na twita zinapokea nguvu zisizoimudu. Spika ya wati 400 RMS inakwenda vizuri na amplifaya ya wati 400 hadi 600 kwa omu zilezile, mradi mpigaji asikimbizane na taa nyekundu.

Bendi yenye gitaa la solo inahitaji akiba hiyo zaidi, kwa sababu nyuzi zinapodonolewa nguvu inapanda ghafla. Akiba ikikosekana, gitaa linapoteza ile sauti safi.

Kuzidisha wati mara mbili, mfano 500 kwenda 1,000, kunaongeza desibeli 3 tu. Sikio linaona tofauti, lakini si kubwa. Spika yenye usikivu wa desibeli 99 badala ya 96 inaleta ongezeko hilohilo bila kununua amplifaya nyingine.

4. Jenereta linabeba?

Amplifaya za zamani za daraja AB hupoteza karibu nusu ya umeme kama joto zikifanya kazi kwa nguvu. Za daraja D hugeuza asilimia 80 au zaidi kuwa sauti. Mashine ya jumla ya wati 1,000 inaweza kuvuta karibu wati 2,000 besi inapopiga kama ni AB, na kama 1,200 ikiwa D. Kwa wastani mziki unavuta kidogo kuliko hapo, lakini ni ile besi inayoliyumbisha jenereta dogo na kuzima kila kitu, taa za ukumbi zikiwemo.

5. Uzito na chumvi

AB yenye transfoma kubwa inaweza kufika kilo 20 na zaidi. D ya nguvu hiyohiyo mara nyingi haifiki kilo 10. Kwa anayebeba mzigo begani kutoka botini hadi kijijini, tofauti hiyo ni kubwa.

AB nayo ina sifa yake: mafundi wengi wanaijua na vipuri vyake ni rahisi kupata. Ubao wa D ukifa, mara nyingi unabadilishwa mzima. Anayepiga zaidi Kibiti mjini anaweza kubaki na AB. Anayevuka maji kila wiki, D inamlipa.

Vyovyote vile, mashine ikae kwenye kasha lenye mfuniko, isiwekwe sakafuni mwa boti, na feni zake zisafishwe mara kwa mara. Ikiingia maji ya chumvi isiwashwe. Ipelekwe kwa fundi kwanza.

Dukani

Mnunuzi aende na spika zake mwenyewe. Mashine ipigwe kwa sauti ya juu nusu saa, pande zote mbili. Harufu ya kuungua, mvumo usioisha au upande mmoja kuwa dhaifu ni sababu tosha ya kuiacha hapohapo.