Daftari la Presha: Usitazame Jalada Pekee

Fika asubuhi katika kliniki nyingi za presha au kisukari humu nchini na utawaona wagonjwa kwenye foleni wakiwa na madaftari ya shule mapajani. Wengi huyanunua siku hiyo hiyo, kwenye kibanda kilicho karibu na lango la hospitali. Ndani huwa mna maandishi ya daktari tu. Siku zilizo kati ya kliniki moja na nyingine, ambazo ndizo nyingi, haziandikwi popote.

Pengo hilo laweza kukudhuru. Presha hupanda na kushuka kutwa nzima. Kuna watu ambao yao hupanda wamwonapo daktari na kushuka wakifika nyumbani, na wengine huwa kinyume. Daktari aliye na kipimo kimoja cha siku hiyo anaweza kukuongezea dawa usiyoihitaji, au kukuacha na ile isiyokutosha. Ndiyo sababu wenye mashine nyumbani hushauriwa wajipime asubuhi na jioni kwa siku 7 kabla ya kliniki. Keti kimya dakika 5, pima, ngoja dakika 1, kisha upime tena. Wastani wa 135/85 nyumbani huhesabiwa kuwa juu, ilhali hospitalini mpaka huo ni 140/90.

Je, ununue daftari gani? Mimi ningechagua lile la hesabu, lenye miraba. Utachora jedwali bila rula na tarakimu zitakaa kwenye safu zake. Mistari 14 hutosha wiki nzima, kwa hivyo ukurasa mmoja wa daftari dogo unatosha na daftari la kurasa 96 litakaa nawe muda mrefu. La A4 ni kubwa mno kwa mkoba na aghalabu litabaki kabatini. Lakini ikiwa macho yako ni hafifu, tafuta lenye mistari mipana.

Kisha angalia lilivyofungwa. Lifungue katikati juu ya kaunta ya duka. Likijifunga lenyewe, liache, kwa maana ukingojea kipimo cha pili mkono mmoja utakuwa ndani ya kitambaa cha mashine, na umebakiwa na mmoja tu wa kuandikia. La springi hulala vizuri lakini kurasa zake huchomoka upesi. La pini katikati ni zuri, ila mtoto aking'oa karatasi ya mbele afanyie hesabu zake, mwenzake wa nyuma hulegea pia, na huenda wiki nzima ya vipimo ikapotea. Yafaa basi kutia kurasa zote nambari siku ile ile unapolinunua, ili ujue iliyopotea.

Kutia nambari ni sehemu ya mtindo wa mbunifu wa New York, Ryder Carroll, aliyeutangaza mwaka wa 2013 na kuuandikia kitabu mwaka wa 2018. Alama zake ni chache: nukta kwa jambo la kufanya, duara kwa tukio, kistari kwa maelezo. Jambo likikamilika, nukta hugeuzwa kuwa X. Kwako wewe, nukta ni kununua dawa kabla hazijaisha, duara ni siku ya kliniki, na kistari ni kile kizunguzungu kilichokupata baada ya dawa ya asubuhi. Mapambo ya rangi ambayo baadhi ya wafuasi wake huyatia hayana haja hapa.

Mwenye kisukari aongeze safu ya saa na chakula. Sukari ya 9 kabla ya kifungua kinywa si sawa na 9 saa mbili baada ya kula, na tarakimu peke yake haitamwambia daktari ni ipi.

Kuhusu karatasi, andika mstari mmoja kwa biro yako na ugeuze ukurasa. Wino ukionekana upande wa pili, chagua daftari jingine. Lifunike kwa kaki na nailoni kama vitabu vya shule, na ndani ya jalada uandike majina ya dawa zako, kiasi chake, dawa zinazokudhuru na nambari ya simu ya jamaa mmoja.