Kwa Munganga wa Mapiloti, Mbele ya Kulipa Feza



Wanafunzi watatu wa kalasi ya sita walituuliza namna mutu anaanza kazi ya piloti. Hatukushangaa. Ndege ndogo ya MAF ikipita juu ya kiwanja chetu, mupira unasimama na kila mutu anainua kichwa, hata walimu. Basi tuliuliza wanaojua, tukasoma, na tuliona kama kitu cha kwanza si hesabu wala feza. Ni munganga.

Tuanze na habari ya mukubwa wetu mumoja aliyemaliza masomo humu. Alitupa ruhusa ya kuandika, bila jina. Jamaa yake iliuza ngombe na kipande cha shamba, wakamulipia masomo ya upiloti katika inchi ya jirani. Alifundishwa wiki nyingi pamoja na mwalimu wake, na aliendesha vizuri. Siku ilipokaribia ya kuruka peke yake, wakamutuma kwa munganga. Munganga akafungua kitabu chenye duara za madoa ya rangi, ndani yake namba zimefichwa. Ukurasa wa kwanza akasoma 12, akafurahi. Hakujua kama ile 12 kila mutu anaisoma, hata asiyetofautisha rangi. Ukurasa wa pili akasema 3. Wenye macho ya kawaida wanaona 8.

Feza haikurudi.

Namna gani jambo kama hilo linaweza kutokea? Sheria ya ndege ya dunia yote inasema mwanafunzi hawezi kuruka peke yake bila cheti cha afya. Lakini haimukatazi kuruka na mwalimu pembeni. Kwa hiyo masomo yanaweza kumupokea mutu na kupokea feza yake muda murefu mbele ya munganga kumuona. Sisi tunasema: pindueni ile safari. Munganga kwanza, feza nyuma.

Vyeti viko vya namna mbili kwa mapiloti. Cheti cha daraja la pili ni cha mutu anayeruka bila mushahara, na ndicho kinachotakiwa kwa mwanafunzi. Cha daraja la kwanza ni cha mutu anayetaka kula kwa kazi hiyo. Kama shabaha yako ni kazi, omba daraja la kwanza tangu mwanzo. Ukipewa la pili tu, hujajua bado kama mulango wa kazi uko wazi. Tena si munganga yeyote anayeweza kutoa cheti hiki. Ni yule aliyekubaliwa na wakubwa wa ndege wa inchi ile. Kwetu Congo wanaitwa AAC.

Ukifika, utapewa karatasi ya maulizo: umelala hospitali lini, umepasuliwa, umezimia, unakunywa dawa gani, katika jamaa nani ana ugonjwa wa sukari ao wa moyo. Mwisho unatia mukono wako. Karatasi hii tutairudilia.

Nyuma yake macho. Wengi wanafikiri mwenye miwani anafukuzwa. Sivyo. Kwa daraja la kwanza unatakiwa kuona 7 kwa 10 kwa kila jicho, na 10 kwa 10 kwa macho yote mawili pamoja. Kwa daraja la pili 5 kwa 10, na 7 kwa 10 kwa yote mawili. Hesabu hiyo inafanywa na miwani ikiwa usoni, kama unayo. Basi kaka yetu wa nyuma ya kalasi, anayekodoa macho kwa ubao na kukataa miwani kwa haya, ajue kama miwani haimuzuii kuruka. Haya ndiyo itamuzuia.

Rangi ni jambo lingine, kwa maana hakuna miwani inayoiponya. Kile kitabu cha madoa kilitungwa na munganga wa Japani, Shinobu Ishihara, mwaka wa 1917, na mpaka leo kinatumika. Kwa nini piloti aulizwe rangi? Usiku, ndege inabeba taa nyekundu kwa bawa la kushoto na ya kijani kwa la kuume. Kwa rangi hizo unajua kama mwenzako anakuja ao anaenda. Radio ikikufa, mutu wa munara anakuonyesha taa: kijani isiyokatika, teremka, nyekundu isiyokatika, zunguka bado, wacha mwenzako apite. Kwenye viwanja vikubwa kuna taa nne pembeni ya njia: mbili nyeupe na mbili nyekundu, uko sawa, nyekundu zote nne, uko chini sana. Mutu anayechanganya hizo hana neno la kujitetea.

Ugonjwa huu mutu anazaliwa nao, na wengi hawaujui maisha yao yote. Tulifundishwa kromosomu katika biolojia: kijana anapokea X moja tu, ile ya mama. Mama ana mbili, moja nzuri inafunika ile yenye kasoro, na yeye anaona vizuri kabisa. Ndiyo sababu unaonekana zaidi kwa wanaume, na kijana hawezi kusema, “Kwetu hakuna aliye vile.” Anayeshindwa kitabu anaweza kujaribiwa tena kwa taa za rangi. Akishinda, anaendelea. Akishindwa, anaweza kupata daraja la pili tu, la kuruka muchana. Mukubwa wetu angeweza kuwa piloti wa muchana wa kujifurahisha, lakini nani kwetu anauza ngombe juu ya kujifurahisha? Basi shauri letu: hospitali yenye munganga wa macho mara nyingi inacho kitabu hicho. Nendeni mukapimwe hapo kwanza. Ni kazi ya dakika chache.

Masikio: munganga anatazama ndani kwa taa, anakuambia ufunge pua na upulize, aone kama hewa inapita mpaka nyuma ya ngoma ya sikio. Ndege ikishuka na njia hiyo imezibwa, maumivu ni makali sana. Kwa daraja la kwanza unavaa pia vyombo vya kusikilizia na kusema kila mara unaposikia mulio mudogo. Kisha nyaya za mashini kifuani kwa kuandika mwendo wa moyo. Hazina umeme wa kukupiga, msiogope. Mukojo unatafutwa sukari na protini. Tansio pia, kama ulikuja mbio ao unatetemeka itapanda, lakini unaweza kupumzika na kupimwa tena.

Wengi watauliza juu ya malaria. Kuwa uliugua malaria si kosa, nani humu hakuugua? Lakini taja dawa unazokunywa. Dawa moja ya malaria, meflokini, wakubwa wa ndege wa Marekani wanaikataza kwa mapiloti, kwa maana inaweza kusumbua akili. Na damu: kuwa AS tu hakumufungii mutu mulango, Marekani wala Ulaya. SS ni jambo lingine, mwenye nayo azungumuze na munganga wazi.

Sasa ile karatasi. Tulisikia vijana wakisema, “Nilianguka kifafa mara moja nikiwa mutoto, nani atajua?” Tunaelewa hofu yao. Mutu aliyelima miaka kwa ajili ya ndoto moja hapendi kuivunja kwa kalamu yake mwenyewe. Lakini tarehe 24 mwezi wa tatu 2015, ndege ya Germanwings ilitoka Barcelona ikienda Düsseldorf. Piloti wa pili alikuwa mugonjwa wa akili, munganga alimuandikia asifanye kazi siku ile, naye akaficha barua. Akajifungia peke yake kwenye usukani, akaigonga ndege kwa milima ya Ufaransa. Watu 150 walikufa, yeye pamoja nao. Hatusemi kila mwenye huzuni ni hatari. Marekani tangu 2010 inawakubali mapiloti wengine wanaotibiwa huzuni kwa dawa zilizochaguliwa, wakichunguzwa. Wanakubaliwa kwa sababu walisema.

Munganga akimaliza kuna majibu ya namna nyingi: ndiyo, ndiyo lakini na miwani, bado, utibiwe kwanza urudi, hapana. Ukipata “bado”, uliza ni kitu gani kinatakiwa, na uombe kikaratasi. Cheti cha daraja la kwanza kwa kijana kinadumu miezi 12, cha pili miezi 60. Mwenye miwani anatakiwa kubeba ya pili ndani ya ndege, kwa maana ya kwanza inaweza kuvunjika huko juu.

Siku ya kwenda, chukueni kitambulisho, miwani, na karatasi zote za hospitali za zamani.