Nyumba Inayokula na Nyumba Inayolisha

Mavuno yakiisha kuuzwa kila kijiji huwa na habari zake. Mmoja amenunua mabati, wa pili ameoza binti kwa ngoma ya siku tatu, wa tatu ameongeza vyumba viwili katika duka lake. Wapita njia husimama na kusema, "Bwana huyu amefaulu." Wala si vibaya. Mtu aliyetoka jasho ana haki ya kula matunda ya kazi yake. Lakini liko swali moja ambalo watu wachache hujiuliza siku ile ya furaha: Je, kitu hiki nilichokipata kitanilisha mimi, au mimi ndiye nitakayekilisha?

Leo nitakusimulia habari za ukoo mmoja wa Marekani, uliokuwa na mali nyingi kuliko karibu koo zote za nchi ile. Usiseme upesi kwamba habari za matajiri hazikuhusu wewe mtu wa jembe. Wao nao walianza na jembe, kama utakavyoona.

SHAMBA LA MAWE

Cornelius Vanderbilt alizaliwa mwaka 1794 katika kisiwa cha Staten Island, karibu na mji wa New York. Baba yake alikuwa mkulima, tena alikuwa na mashua ya kupelekea mboga sokoni ng'ambo ya maji. Kijana aliacha shule akiwa na miaka 11. Mwaka 1810, alipokaribia kutimiza miaka 16, alimwomba mama yake dola 100 ili anunue mashua yake mwenyewe.

Yasimuliwa kwamba mama hakumpa hivi hivi. Alimwonyesha shamba la ekari nane lililojaa mawe, akamwambia alilime na kulipanda lote kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Kijana akawaita rafiki zake, wakashika kazi pamoja, na siku ilipofika shamba lilikuwa tayari. Akapewa fedha, akanunua mashua, akaanza kuvusha watu na mizigo.

Senti ikafuata senti. Mashua ya kwanza ikazaa ya pili. Baadaye akaacha matanga, akaingia katika meli za moshi. Na alipokuwa mzee akaingia katika njia za reli. Hakuwa malaika. Alikuwa mkali kwa washindani wake, na mgumu hata kwa watoto wake 13. Lakini neno moja alilijua sana: mashua isiyotembea ni kuni tu. Alipofariki mwaka 1877 aliacha mali ipatayo dola milioni 100.

Sehemu kubwa kabisa ya mali hiyo alimwachia mwanawe, William Henry. Huyu zamani baba yake alimwona kuwa mzito wa akili, akamweka huko kisiwani alime. Kumbe yule mzito akalistawisha shamba, na baba akaanza kumtazama kwa macho mengine. Baada ya kurithi, katika muda usiotimia miaka tisa, William Henry aliiongeza mali ile mara mbili. Alipokufa mwezi wa Desemba 1885, ilikuwa karibu dola milioni 200. Hebu pima, msomaji: mashua ya dola 100 ilichukua miaka 75 kufika hapo.

KARAMU NA MARUMARU

Sasa njoo kwa wajukuu. Hao hawakuona lile shamba la mawe. Walikuta meza imekwisha andaliwa.

Hata kabla William Henry hajafa, mashindano yalikuwa yameanza. Tarehe 26 Machi 1883, mke wa mwanawe mmoja, Bibi Alva, alifanya karamu ya kufungua nyumba yake mpya mjini New York. Wageni walikuwa zaidi ya elfu moja, kila mmoja amevaa mavazi ya kuigiza, wengine kama wafalme na malkia wa kale. Shemeji yake, Bibi Alice, alivaa kama "Taa ya Umeme", akashika mwenge uliowaka kwa betri zilizofichwa ndani ya nguo yake. Gharama ya usiku ule mmoja ilikadiriwa kuwa dola 250,000. Asubuhi ilipofika maua yalikuwa yamenyauka, na fedha haikuonekana tena.

Kisha yakaja majumba ya Newport, mji ulio kando ya bahari, ambako matajiri walikwenda kupunga upepo kwa majuma machache ya kiangazi. Wao wenyewe waliyaita "vijumba". Kijumba cha Bibi Alva kilikwisha mwaka 1892. Kiligharimu dola milioni 11, na kati ya hizo milioni saba ziliishia katika marumaru peke yake. Mumewe alimpa nyumba hiyo kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Mwaka 1895 waliachana. Marumaru haikuweza kushika kilichokuwa kimelegea.

Bibi Alice na mumewe, aliyeitwa Cornelius kama babu yake, hawakutaka kubaki nyuma. Walijenga Newport nyumba ya vyumba 70, iitwayo The Breakers, nayo ikakamilika mwaka 1895. Katika bafu zake waliweka bomba za maji ya kawaida na bomba za maji ya bahari, ya moto na ya baridi, ili aogaye achague. Mwaka uliofuata bwana mwenye nyumba akapigwa na kiharusi. Mwaka 1899 akafa. Alikuwa ameifurahia akiwa mzima kwa muda mfupi tu.

VYUMBA 250

Lakini aliyewapita wote kwa ukubwa wa nyumba alikuwa mdogo wao, George. Huyu hakuwa mtu wa biashara. Alipenda vitabu, lugha na safari. Mwaka 1889, alipokuwa bado kijana asiye na mke, alianza kujenga katika milima ya North Carolina, karibu na mji wa Asheville. Akanunua ardhi iliyofika ekari 125,000. Kama jamaa yako ina shamba la ekari tano, basi hesabu jamaa 25,000 kama yako, ndipo utaelewa.

Mafundi na vibarua walifika kama elfu moja. Ilijengwa njia ya reli ya maili tatu kwa ajili ya kuleta vifaa tu, na tanuri lililoweza kutoa matofali 32,000 kwa siku. Wewe uliyewahi kufyatua matofali ya nyumba yako kwa mikono wajua maana ya hesabu hiyo. Usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 1895 nyumba ilifunguliwa, ikaitwa Biltmore. Ilikuwa na vyumba 250, bafu 43, mahali 65 pa kuota moto, na bwawa la kuogelea ndani yake. Kama ungeanza tarehe 1 Januari kuingia chumba kimoja kipya kila siku, ungemaliza mwezi wa Septemba.

Nyumba ya namna hiyo haiishi kwa hewa. Yataka makaa, watumishi, mafuta, mafundi wa paa na wapanguza vumbi, leo na kesho na keshokutwa. Haijui kwamba mwaka huu mapato ni madogo. Kila asubuhi yafungua kinywa. Urithi wa George ukawa wapungua kila mwaka.

CHOVYA CHOVYA

Wahenga walisema: chovya chovya humaliza buyu la asali. Ndivyo ilivyokuwa. Si anasa peke yake iliyouangusha ukoo huu. Mali iligawanywa kwa warithi wengi. Kodi ya mapato ikaja mwaka 1913, na kodi ya urithi mwaka 1916. Tena magari yakaanza kuchukua abiria wa reli. Lakini mtu mwenye mashua huweza kubadili safari upepo ukigeuka. Mwenye jumba la marumaru atalipeleka wapi?

Mjini New York majumba yakaanza kubomolewa, moja baada ya jingine. Ile nyumba ya Bibi Alice ya mjini, kubwa kuliko nyumba zote za watu binafsi katika New York, ilivunjwa katika miaka ya 1920, na mahali pake likajengwa duka la nguo. Malango yake ya chuma sasa yamesimama penye bustani ya watu wote. The Breakers, pamoja na bafu zake za maji ya bahari, iliuzwa mwaka 1972 kwa chama cha kutunza majengo ya kale kwa dola 365,000 tu.

Mwaka 1973 watu wa ukoo huo wapatao 120 walikutana pamoja. Mmoja wa ukoo wao aliandika baadaye kwamba katika mkutano ule hakuwako hata mmoja mwenye dola milioni moja.

NYUMBA ILIYOPEWA JEMBE

Hata hivyo, msomaji, liko jumba moja ambalo hadi leo ni mali ya uzao wa yule aliyelijenga. Nalo ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote: Biltmore. Limeponaje?

Jibu lake laanza katika udongo. George aliponunua ardhi ile, sehemu kubwa ilikuwa imechoka, miti imekatwa ovyo na mashamba yamemomonyoka. Bwana Frederick Law Olmsted, aliyekuwa stadi mkuu wa kupanga bustani, alimshauri asiifanye yote kuwa bustani ya kutazama, bali apande msitu na kufuga katika mabonde. George akasikia. Mwaka 1892 aliajiri kijana Gifford Pinchot autunze msitu, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa misitu ya serikali ya Marekani. Mwaka 1898 shule ya kufundisha utunzaji wa misitu ikafunguliwa hapo hapo, ya kwanza katika nchi ile. Tena wakafuga ng'ombe wa maziwa wa aina ya Jersey, na maziwa yakauzwa.

George alifariki mwaka 1914. Mjane wake, Bibi Edith, hakung'ang'ania fahari. Aliiuzia serikali karibu ekari 87,000 za msitu kwa bei ya dola tano hivi kwa ekari, na hadi leo ni msitu wa taifa. Miaka ya shida kuu ya uchumi ilipofika, binti yao wa pekee na mumewe walifungua milango ya jumba mwaka 1930, watu waingie kulitazama kwa kiingilio. Fikiri kidogo: chumba alichokula baba yake na wageni wachache waliochaguliwa, sasa kikawa chatazamwa na yeyote mwenye tiketi. Wengine wangeona haya. Wao waliona afadhali haya kuliko mnada.

Hata hivyo kwa miaka mingi nyumba iliendelea kula kuliko ilivyoingiza. Mwaka 1960 mjukuu wa George, William Cecil, aliacha kazi yake ya benki akarudi kuisimamia. Kabla miaka kumi haijapita hesabu ikaanza kuonyesha faida. Baadaye wakaongeza mizabibu. Leo watu zaidi ya elfu moja hupata mshahara wao mahali pale.

Twasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jumba lile lilikaa kama mgeni kwa miaka 35, likila na kulala. Halafu likapewa jembe. Ndiyo sababu limebaki.

NA KWETU NYUMBANI

Wewe na mimi hatujengi vyumba 250. Lakini kinywa ni kile kile, kikubwa au kidogo. Pikipiki iliyonunuliwa kwa mkopo ili majirani waione hula mafuta kila siku; pikipiki hiyo hiyo ikipeleka maziwa sokoni hujilipa yenyewe. Harusi iliyokopewa humwachia bwana arusi deni kabla hajapata mtoto. Duka hufa, si kwa kukosa wateja, bali kwa sababu mwenye duka huchukua sukari na soda rafuni kama zawadi ya kufaulu kwake, wala haandiki. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, baba na mama, kabla fedha ya mavuno haijatoka katika kitambaa, kaeni pamoja jioni moja na watoto wenu wakubwa wakisikia. Kitajeni kila kitu mnachotaka kununua, na juu ya kila kimoja ulizeni: kitakula au kitalisha? Si lazima kila kitu kilishe. Nguo nzuri ya sikukuu ina haki yake, na mgeni apewe kuku. Lakini vya kula vikizidi vya kulisha, mjue mmeanza kuchovya.

Tena msiwafiche watoto shamba la mawe. Wajukuu wa Vanderbilt hawakuwa wapumbavu. Kosa ni kwamba walionyeshwa mali, hawakuonyeshwa ilikotoka. Mtoto aliyebeba mbegu begani hawezi kuzitupa ovyo.

Neno la mwisho. Mwaka 1873, miaka minne kabla ya kufa kwake, yule mzee aliyeacha shule akiwa na miaka 11 alitoa dola milioni moja kuanzisha chuo kikuu katika mji wa Nashville. Karamu ya Bibi Alva ilikwisha usiku mmoja. Chuo kile chafundisha hadi leo, na ndicho mahali wale wa ukoo wake 120 walipokutana mwaka ule wa 1973, wageni katika nyumba ambayo babu yao aliijengea watoto wa watu wengine.