Kutoka Kapu la Sadaka hadi Mkutano wa Kijiji: Waamini Walei, Halmashauri na Vita Dhidi ya Umaskini



Kila mwaka, Jumapili ya 33 ya Kipindi cha Kawaida, Mama Kanisa huadhimisha Siku ya Maskini Duniani. Ilianzishwa na Hayati Baba Mtakatifu Fransisko mwaka 2016, wakati wa kufunga Mwaka Mtakatifu wa Huruma ya Mungu, na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 19 Novemba 2017. Katika vigango vya bonde la Mto Momba, Msangano na jirani zake, maana ya siku hiyo huonekana kwa macho. Mahindi, mpunga, maharage, sabuni, chumvi, nguo na fedha kidogo hupelekwa mbele ya altare, kisha wanakamati wa Caritas na akina mama wa WAWATA huvifikisha kwa wajane, wazee wasio na mtu na kaya zenye wagonjwa wa muda mrefu.

Hilo ni tendo jema na takatifu, wala makala hii haikusudii kulipunguzia thamani. Lakini mwezi Novemba ndio mvua zinaanza. Kufika Januari debe lile limekwisha, mahindi yangali machanga shambani, na mjane aliyepokea msaada yuko pale pale alipokuwa. Ndipo swali linapozuka kwa kila mwamini anayejitolea: baada ya kapu, nini?

Mitume walikutana na swali la namna hiyo mapema sana. Sura ya sita ya Matendo ya Mitume inasimulia jinsi wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walivyosahauliwa katika huduma ya kila siku, na jinsi manung'uniko yalivyoanza. Mitume wangeweza kutafuta mikate zaidi na kuwapelekea wajane wale kimya kimya. Badala yake waliliita kusanyiko lote, jambo likazungumzwa hadharani, wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema, na utaratibu ukawekwa. Kosa lilikuwa katika mgawanyo, nao wakautengeneza mgawanyo wenyewe.

Baba Mtakatifu Fransisko alilieleza wazo hilo kwa mfano katika Waraka wake wa kitume "Fratelli tutti" wa mwaka 2020. Anayemsaidia mzee kuvuka mto ametenda upendo wa kweli. Kiongozi wa umma anayemjengea mzee huyo daraja naye ametenda upendo. Hapa kwetu mfano huo hauhitaji mfafanuzi. Wazee wa bonde hili wanakumbuka Mto Momba ulivyokuwa wakati wa masika, kabla ya kujengwa daraja linalounganisha Kamsamba na Kilyamatundu upande wa Mkoa wa Rukwa. Walikuwapo vijana hodari waliojua kuvusha watu na mizigo, na Mungu awabariki. Hata hivyo mgonjwa aliyefika mtoni usiku alihitaji daraja, na daraja halijengwi kwa mchango wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo. Linajengwa kwa kodi.

Mafundisho Jamii ya Kanisa yanazo kanuni mbili zinazokwenda pamoja, mshikamano na auni. Kanuni ya auni, iliyofafanuliwa na Papa Pio XI mwaka 1931 katika Waraka "Quadragesimo anno", hufundisha kwamba jambo linaloweza kufanywa na familia au jumuiya ndogo lisinyakuliwe na mamlaka ya juu. Wengi wetu tumeishika sehemu hiyo na kuisahau ya pili: mamlaka ya juu inao wajibu wa kuiunga mkono jumuiya ndogo inapofika mwisho wa nguvu zake. Jumuiya inayobeba peke yake mzigo wa Halmashauri haijaitimiza kanuni ya auni. Imechoka tu.

Mwezi Septemba 2015 mataifa wanachama wa Umoja wa Mataifa yalipitisha Malengo ya Maendeleo Endelevu, na lengo la kwanza ni kutokomeza umaskini ifikapo mwaka 2030. Kwa Tanzania Bara, Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 ulionesha kuwa asilimia 26.4 ya watu hawakuweza kumudu mahitaji ya msingi, na vijijini kiwango kilikuwa asilimia 31.3, karibu mtu mmoja kati ya watatu. Takwimu hizo husomwa New York na Dodoma, lakini watu wanaohesabiwa ndani yake wana majina, na majina hayo anayafahamu katibu wa Jumuiya anayepita nyumba kwa nyumba. Anajua ni mlango gani haujafunguliwa siku tatu. Anajua ni mtoto yupi mwenye ulemavu ambaye hajawahi kufikishwa kituo cha afya. Ujuzi huo ni mali kubwa, na mara nyingi tunauacha ndani ya daftari la michango.

Je, unaweza kupelekwa wapi? Katiba ya nchi yetu, Ibara ya 145 na 146, inaweka serikali za mitaa kwa lengo la kupeleka madaraka kwa wananchi, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaeleza namna yake. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Unapaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na humo husomwa taarifa ya mapato na matumizi. Kipaumbele kilichopitishwa hapo huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako mwenyekiti ni diwani, kisha hufika makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba huko Chitete, na Baraza la Madiwani huamua kipi kiingie katika bajeti. Kwa jirani zetu wa Halmashauri ya Mji Tunduma safari ni hiyo hiyo, ila huanzia katika mtaa.

Ni ngazi ndefu, na maombi mengi huanguka njiani. Mwandishi wa makala hii amewahi kuketi katika mkutano wa kijiji ambao wahudhuriaji hawakufika thelathini, na kati yao waamini wa kigango chetu, waliojaza kanisa Jumapili iliyotangulia, walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Siku ile ilijadiliwa orodha ya kaya maskini. Wasiokuwapo hawakutajwa, wala hapakuwa na mtu wa kuwasemea. Ikumbukwe kwamba hata walengwa wa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF hutambuliwa kwa kuwashirikisha wananchi katika mikutano ya namna hiyo.

Utaratibu wa kupanga mipango kwa kutazama fursa na vikwazo vya maendeleo, ambao watendaji wengi huutaja kwa kifupi chake cha O&OD, umekuja kuboreshwa ili uanze na jitihada za jamii yenyewe. Wananchi huanza, Halmashauri huunga mkono. Kwa lugha ya kijijini: wananchi hukusanya mawe na mchanga, huchoma matofali, huinua boma la darasa au zahanati, na Halmashauri huezeka na kukamilisha. Kila anayesafiri mkoani Songwe ameona maboma yaliyokamilishwa, na ameona pia yale yanayoota majani ndani. Tofauti huwa haiko katika nguvu za watu. Mara nyingi boma lililokwama lilianzishwa bila kuingizwa katika mpango wa kijiji, halina muhtasari wa mkutano uliolipitisha, na hakuna aliyelifuatilia katika ngazi ya kata. Karatasi moja yenye sahihi za waliohudhuria imewahi kuokoa jasho la kijiji kizima.

Lipo eneo jingine ambalo waamini wa parokia zetu wanapaswa kulifahamu vema, nalo linafanana na jambo tulilolizoea kanisani. Mkulima wa Msangano anapouza ufuta au mpunga, mazao yake hutozwa ushuru, na ushuru huo ni sehemu ya mapato ya ndani ya Halmashauri. Tangu marekebisho ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 2018, kila Halmashauri inalazimika kutenga asilimia 10 ya mapato hayo kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Sisi tunaofundishwa kutoa zaka tungeweza kusema, kwa tabasamu kidogo, kwamba Halmashauri nayo inatakiwa kutoa zaka, na sheria imekwisha kuandika majina ya wanaostahili kuipokea.

Zaka hiyo imepita katika majaribu. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilionesha fedha nyingi zisizorejeshwa na vikundi visivyokuwapo, na mwezi Aprili 2023 Serikali ikasitisha mikopo hiyo. Ilirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, ambapo Halmashauri 10 zilichaguliwa kuitoa kwa majaribio kupitia benki, na zilizobaki zikaendelea kuitoa zenyewe chini ya usimamizi ulioimarishwa. Tukiri kwamba katika upotevu ule wamo pia watu wanaokomunika kila Jumapili. Kikundi kilichochukua fedha za mikopo na kugawana kilikuwa kinakula sehemu ya mwanamke mwingine aliyekuwa akisubiri zamu.

Hapa ndipo watu wa kujitolea wanapohitajika zaidi ya wakati wa kugawa mahindi. WAWATA, VIWAWA na UWAKA wanao watu wanaojua kusoma, kuandika na kutunza hesabu. Kikundi cha akina mama wafuga kuku kinahitaji katiba, usajili, akaunti ya benki na andiko la mradi, na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye mlango wa kwanza. Kukaa na kikundi hicho jioni tatu hadi andiko likamilike ni huduma ya upendo. Kuhusu ile asilimia 2, kazi ni kubwa zaidi, kwa kuwa mwenye ulemavu aliyefichwa ndani hawezi kuomba mkopo ambao hajapata kuusikia.

Wala tusidhani ni Waafrika pekee wanaobisha hodi katika milango ya halmashauri zao. Katika mji mdogo wa Garstang, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kikundi cha watu wa kujitolea waliokuwa wakiliunga mkono shirika la Oxfam kilikuwa kimechoka kuona misaada ikitolewa huku wakulima wa nchi za kusini wakilipwa bei duni. Waliwaendea wenye maduka, walimu, makanisa na halmashauri ya mji. Mwaka 2000 Garstang ikajitangaza kuwa mji wa kwanza duniani wa biashara ya haki, na baadaye miji zaidi ya 2,000 katika nchi mbalimbali ikafuata njia hiyo. Vyama vyetu vya ushirika vya kahawa, KNCU wa Kilimanjaro na KCU wa Kagera, vimo kati ya vilivyouza katika soko hilo. Wakulima wa kahawa wa Mbozi, ndugu zetu wa mkoa huu huu, wanajua bei inavyoweza kumwangusha mtu aliyefanya kazi mwaka mzima. Wale wa Garstang hawakuwa matajiri wala wanasiasa wakubwa. Walihudhuria mikutano ya mji wao, wakarudi tena na tena, kama yule mjane wa Injili ya Luka asiyemwacha hakimu apumzike.

Wapo wanaoogopa kwamba kwa kufanya hivyo Kanisa litaonekana linaingia katika siasa. Hofu hiyo ina msingi wake, na Sheria ya Kanisa inawakataza wakleri kushiriki kikamilifu katika vyama vya siasa. Kwa hiyo mimbari isitumike kumpigia debe diwani, na orodha ya wahitaji isigeuzwe kuwa orodha ya wapiga kura. Lakini Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Wosia wake wa kitume "Christifideles laici" wa mwaka 1988, aliwafundisha waamini walei kwamba hawawezi kamwe kujitoa katika maisha ya umma, kwa maana ndiko yanakotafutwa mafao ya wengi. Mwamini anayesimama mkutanoni na kuuliza zahanati imefikia wapi, anasimama kama mkazi wa kijiji, pamoja na Mmoravian, Mlutheri, Mwislamu na asiye na dini, kwa kuwa njaa ya Januari haiulizi dhehebu.

Jambo moja la utendaji. Kwa kawaida vijiji huanza kukusanya vipaumbele vya mwaka wa fedha unaofuata kati ya Oktoba na Desemba, majira yale yale ambayo Kamati ya Caritas ya parokia inaandaa orodha ya Siku ya Maskini Duniani. Majina yasisomwe hadharani, kwa kulinda utu na heshima ya wahusika. Zichukuliwe hesabu tu: kaya ngapi hazina chakula cha kufikia mavuno, watoto wangapi wenye ulemavu hawako shuleni, wajane wangapi hawamo katika kikundi chochote. Karatasi hiyo ikabidhiwe kwa mtendaji wa kijiji mapema, ikiombwa iwe ajenda, na nakala yake ibaki kwa katibu wa Caritas, ili miezi mitatu baadaye apatikane mtu wa kuuliza ilifika wapi.