Farasi wa Ngong na Mshahara wa Askari

Hapa Mvara hakuna uwanja wa mbio za farasi. West Nile kuna mbung'o, na nagana anayoieneza ni maangamizi kwa farasi. Hata hivyo, tuko wachache tunaofuatilia kwa bidii farasi tuliowachagua katika uwanja wa Ngong, Nairobi, ambako mbio zilihamia mwaka 1954.

Asiyejua kanuni hudhani kwamba aliyeshinda jana atashinda na kesho. La hasha! Katika mbio nyingi mshindi huongezewa uzito. Vipande vya risasi hutiwa katika matandiko yake ili wanyonge nao wapate nafasi. Kila ushindi huzaa mzigo. Derby ya Kenya, iliyoanza mwaka 1914, haifuati utaratibu huo: ni mita 2,400, kwa farasi wa miaka mitatu tu, na nafasi hairudi tena maishani.

Ndugu askari na polisi, hapo ndipo penye hatari. Anayetazama ushindi pekee huweka mshahara wote juu ya farasi aliyekwisha kulemewa, na watoto wake wakarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Hata mwenye fungu katika farasi hulipia chakula, mkufunzi na tabibu, mnyama akimbie asikimbie.

Sisi tumewekeana amri moja: karo na chakula kwanza. Farasi wetu akishindwa, twatazama uzito aliobeba, kisha twamngojea mbio zijazo, mifuko yetu ikiwa salama.