Pikipiki Inapokosa Moto: Koili, Dalili Zake na Jinsi ya Kuibadilisha

Koili ya kuwashia ni kifaa kinachoenea kiganjani, hufungwa kwenye chuma cha bodi chini ya tangi la mafuta, na hubeba waya mnene mweusi unaoishia kwenye plagi. Kazi yake ni kupokea umeme mdogo na kuukuza hadi uweze kuruka mwanya wa plagi na kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa. Kwenye pikipiki zinazobeba abiria kati ya steji ya Witeithie, kando ya barabara kuu ya Thika, na mitaa ya ndani, kifaa hiki hufanya kazi hiyo maelfu ya mara kila dakika chache, kutwa nzima. Kikichoka, mwenye pikipiki hupoteza siku, na mara nyingi hupoteza pia pesa za spea ambazo hazikuhitajika, kwa sababu koili hulaumiwa kabla ya kupimwa.

Ndani ya koili mna chuma laini kilichozungushiwa nyaya mbili za shaba. Mzingo wa kwanza ni wa waya mnene wenye mizunguko mia kadhaa au pungufu. Mzingo wa pili ni wa waya mwembamba mno wenye mizunguko maelfu kwa maelfu. Umeme unapobadilika ghafla katika mzingo wa kwanza, usumaku wa chuma hubadilika pia, na badiliko hilo huzua umeme wa volti nyingi katika mzingo wa pili. Kanuni hiyo iligunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831, na miaka mitano baadaye Nicholas Callan, padri na mwalimu wa sayansi huko Maynooth, Ireland, akatengeneza koili ya mizingo miwili. Koili ya pikipiki hutoa takriban volti 10,000 hadi 25,000, kulingana na plagi inavyodai. Nyaya zote hizo hutenganishwa kwa mpako wa kuhami umeme na kuzamishwa katika gundi ngumu. Uhai wa koili ni uhai wa mpako huo.

Kabla ya kugusa chochote, yafaa kujua pikipiki inatumia mfumo gani, kwani hapa ndipo makosa mengi huanzia. Pikipiki za zamani sana hutumia pointi: vipande viwili vya chuma vinavyofunguka na kufunga, vikisaidiwa na kondensa. Zilizofuata hutumia CDI, kisanduku cha kielektroniki kinachojaza umeme wa volti 200 hadi 400 ndani yake, kisha kuumwaga wote kwa mpigo ndani ya koili. CDI nazo ni za aina mbili. Moja hupata umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye koili zilizo chini ya flaiwili na huweza kuwaka hata betri ikiwa imekufa. Nyingine hutegemea betri. Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 ikakusudiwa nchi ambako matunzo ni machache na barabara ni mbovu, ilianza na pointi na baadaye ikahamia CDI. Injini yake iliigwa na viwanda vingi vya China, na baada ya serikali ya Kenya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zisizofika cc 250 mwaka 2008, nakala zake zilimiminika nchini. Kwa hiyo anayeielewa CG125 anazielewa pikipiki kuukuu nyingi zinazosukumwa hadi kwa fundi.

Koili hufa kwa joto, mtikisiko na maji, na pikipiki ya Witeithie hupata vyote vitatu. Koili hukaa juu ya injini inayotembea polepole na mzigo, hurushwa na mashimo ya njia za machimbo ya mawe ya Ndarugo, na wakati wa mvua ndefu za Machi hadi Mei huloweshwa na tope la udongo mweusi ambalo baadaye huondolewa kwa mashine ya kuoshea yenye nguvu. Maji hayo husukumwa hadi ndani ya kofia ya plagi. Lakini kuna muuaji mwingine asiyetajwa sana, naye ni plagi iliyochakaa. Mwanya wa plagi unapopanuka kupita kipimo chake, ambacho kwa pikipiki nyingi ndogo ni milimita 0.6 hadi 0.8, koili hulazimika kupandisha volti zaidi ili cheche iruke. Hufanya hivyo kwa miezi, mpaka siku moja umeme unapata njia rahisi zaidi: kutoboa mpako wa ndani. Plagi ya bei ndogo iliyoachwa kwa muda mrefu huua koili ya bei kubwa.

Dalili inayojulikana zaidi ni ya pikipiki inayowaka vizuri asubuhi, ikatembea nusu saa, kisha ikaanza kukohoa na kuzima; ikiachwa ipoe, huwaka tena kana kwamba haikuwa na kasoro. Sababu ni kwamba ufa mdogo katika waya wa ndani hupanuka kwa joto na kukata mkondo, au mpako uliochoka huvujisha umeme unapopata moto. Dalili nyingine ni kukosa nguvu panapohitajika kasi au kupanda mlima, kulipuka kwenye egzosti, na kukataa kuwaka siku ya mvua. Mara chache koili hufa mara moja bila onyo.

Hata hivyo, karibu kila moja ya dalili hizo ina sababu nyingine inayofanana nayo. Tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi likiziba, petroli huacha kushuka na pikipiki huzima baada ya mwendo, kisha huwaka ikipumzishwa. Kufungua kifuniko na kusikia mvuto wa hewa hutosha kulithibitisha hilo. Valvu zilizobana kupita kiasi hukataa kufunga sawasawa injini ikiwa moto. Kipimo cha CG125 ni takriban milimita 0.08 injini ikiwa baridi, na fundi mwenye kipimo cha bapa hukihakiki kwa muda mfupi. Pulsa, ile koili ndogo inayoiambia CDI wakati wa kupiga cheche, nayo huathiriwa na joto vilevile. Na kwenye pikipiki ya pointi, kondensa iliyokufa huleta cheche dhaifu kwenye plagi na miali mikubwa kwenye pointi zenyewe, na koili isiyo na hatia hutupwa.

Uchunguzi huanzia kwenye plagi na kurudi nyuma kuelekea kwenye umeme. Plagi ikitolewa baada ya kupigwa kiki mara kadhaa, ikiwa imelowa petroli basi mafuta yanafika na moto ndio unaokosekana. Ikiwa kavu, tatizo liko kwenye kabureta au tangi. Kisha plagi nyingine inayojulikana kuwa nzima, yenye mwanya sahihi, huvikwa kofia, na ule uzi wake wa chuma hubanwa barabara kwenye injini, mbali na tundu la plagi ambalo hutoa mvuke wa petroli. Petroli yoyote iliyomwagika hufutwa kwanza. Plagi haishikwi kwa mkono mtupu, na injini haipigwi kiki plagi ikiwa inaning'inia bila kugusa chuma: umeme usiokuwa na pa kutokea hutafuta njia ndani ya koili au CDI na kuviharibu. Cheche nzuri ni ya bluu, nene, na husikika. Ya manjano au nyekundu, inayotokea na kupotea, ni dhaifu.

Cheche ikikosekana, kofia ya plagi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Nyingi hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume na mwendo wa saa kutoka kwenye waya. Ncha ya waya huonekana: ikiwa imeota kutu ya kijani au imeungua, hukatwa milimita tano au sita, na kofia hurudishwa ikiuma shaba safi. Kofia nyingi huwa na kizuizi cha umeme cha omu 5,000 ndani yake. Mita ikionyesha maelfu mengi zaidi au isisome kabisa, kofia imekufa, na hiyo ni spea ya bei ndogo. Idadi ya koili zilizobadilishwa wakati kofia pekee ndiyo iliyokuwa mbovu ingemsikitisha yeyote anayejali mfuko wa mwendesha boda.

Giza nalo ni chombo cha kupimia. Pikipiki inayowaka lakini inakohoa huachwa ikinguruma usiku mahali pasipo taa, kisha waya na koili hunyunyiziwa maji kidogo kwa ukungu. Vijicheche vya bluu vinavyotambaa juu ya waya, kwenye shingo ya kofia au kwenye ufa wa koili huonyesha mahali umeme unapovuja. Hakuna mita ya fundi wa kando ya barabara inayoweza kuonyesha jambo hilo waziwazi namna hiyo.

Kisha hufuata swichi na nyaya. Kwenye CDI za mtindo wa Honda zisizotegemea betri, waya mweusi wenye mstari mweupe ndio unaozima injini unapogusa athi, yaani bodi ya pikipiki. Ukichomolewa kwenye CDI na cheche ikarudi, tatizo ni swichi ya ufunguo, swichi ya mkononi au waya uliokwaruzwa karibu na usukani. Injini ikiwashwa kwa jaribio hilo haitazimika kwa ufunguo, kwa hiyo njia nyingine ya kuizima huandaliwa mapema. Kwenye CDI za betri mambo ni kinyume: swichi hukata umeme unaokwenda kwenye CDI, na kinachotafutwa ni volti 12 kamili. Waya wa athi, ambao kwa Honda huwa wa kijani, hukaguliwa pia mahali unapofungwa. Rangi hizi ni mwongozo tu, kwani pikipiki ya miaka kumi huenda imeshafungwa nyaya upya mara kadhaa.

Sasa ndipo koili hupimwa. Nyaya zake huchomolewa, mita huwekwa kwenye omu, na ncha za mita hugusanishwa kwanza ili usomaji wake wenyewe utolewe kwenye hesabu. Mzingo wa kwanza wa koili ya CDI husoma omu moja au pungufu. Wa koili ya pointi husoma kati ya omu tatu na tano. Mzingo wa pili, ukipimwa kutoka kwenye ncha ya waya wa plagi bila kofia hadi kwenye athi ya koili, husoma maelfu kadhaa ya omu, na kitabu cha pikipiki husika ndicho chenye neno la mwisho. Mita isiposoma kitu, waya wa ndani umekatika. Pulsa na koili ya flaiwili hupimwa vivyo hivyo, na mara nyingi husoma kati ya omu mia moja na mia kadhaa.

Koili inayozima kwa joto haina budi kupimwa ikiwa moto. Mwendeshaji aliyeambiwa hivyo hubeba plagi nzima na spana yake, na pikipiki inapozima huangalia cheche papo hapo, kabla ya kupoa. Cheche ikiwapo, shauri ni la mafuta au valvu. Hata hivyo mita hutumia volti chache tu, na mpako unaostahimili volti hizo unaweza kushindwa na volti 15,000. Ndiyo maana koili inaweza kusoma sawa na bado ikawa mbovu. Ushahidi unaokata shauri ni kufunga koili nyingine nzima ya aina ileile, hata ya kuazima, na kuendesha kwa muda uliozoeleka kuleta tatizo.

Aina ileile ni sharti. Koili ya pointi ikifungwa kwenye CDI hutoa moto hafifu. Koili ya CDI yenye nusu omu ikifungwa kwenye pointi na betri ya volti 12 huweza kuvuta ampea 24, na pointi huungua mara moja. Anayenunua Thika au katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, huenda na koili ya zamani mkononi, akalinganisha umbo na matundu ya skrubu, na kuomba ile mpya ipimwe kwa mita kabla ya kulipa. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa ghushi tangu mwaka 2008, lakini boksi lenye nembo ya kampuni kubwa bado si uthibitisho.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ya chini ya saa moja. Ufunguo huzimwa, betri hutolewa upande wa hasi, bomba la petroli hufungwa na tangi huondolewa. Nyaya hupigwa picha au kutiwa alama kabla ya kuchomolewa. Kwa Honda, waya unaoingia kwenye koili kutoka CDI huwa mweusi wenye mstari wa manjano. Mahali pa kufungia husuguliwa kwa msasa hadi chuma king'ae, kwa kuwa koili nyingi hupata athi yake kupitia skrubu hizo, na rangi au kutu ikibaki koili mpya haitafanya kazi. Waya wa plagi hupitishwa mbali na egzosti na mahali usukani unapokunja, bila kukazwa hadi uvutike. Mpira wa kofia hukaa sawa ili usipitishe maji. Plagi mpya yenye mwanya sahihi hufungwa siku hiyohiyo.

Injini ikiwaka, usukani hugeuzwa kushoto na kulia ikiwa inanguruma, kisha pikipiki huendeshwa hadi ipate moto wake wa kawaida. Koili mpya ikifa ndani ya wiki chache, haifai kununua ya tatu kabla ya kuangalia mambo mengine: kofia isiyo sahihi, athi iliyolegea, na kwenye CDI za betri, regyuleta iliyoharibika. Injini ikizungushwa kasi, volti za betri hazipaswi kupita takriban 15. Zikipita, regyuleta hubadilishwa kwanza, ndipo koili nyingine ifungwe.